Kutoka Kigoma hadi chumba cha mafumbo ughaibuni: mwongozo kamili wa kuingia na kutoka

Ukisafiri nje ya nchi siku hizi, iwe kwa masomo, kwa biashara ya nguo Istanbul au Guangzhou, au kumsalimia dada aliyeolewa Ubelgiji, utayaona mabango yenye maneno Escape Room. Hicho ni chumba cha kutoroka. Watu wawili hadi sita mnaingia mahali palipopambwa kama kaburi la Farao, nyambizi, gereza au maabara ya daktari aliyerukwa na akili. Saa ukutani inaanza kurudi nyuma kutoka dakika 60, nanyi mnatafuta ishara, mnafumbua mafumbo na kufungua makufuli hadi mlango wa mwisho.

Mchezo huu ulianza Japani. Takao Kato aliuendesha mjini Kyoto mwaka 2007, akiwa ameona ile michezo ya kompyuta ambayo mchezaji anabofya vitu vya chumbani mpaka apate njia ya kutokea. Mwaka 2011 Attila Gyurkovics akafungua ParaPark mjini Budapest, na baada ya hapo ukaenea Ulaya nzima. Scott Nicholson, mtafiti aliyekusanya majibu ya wenye biashara 175 na kuyachapisha mwaka 2015, alikuta kwamba kwa wastani makundi yanayotoka kabla ya muda kwisha ni kama asilimia 41. Kwa hiyo kushindwa ni jambo la kila siku, na katika vyumba vinavyojitangaza kuwa vigumu usitegemee huruma.

Kwetu mchezo huu si mgeni kabisa. Mtoto wa Ujiji aliyekulia kwenye vitendawili anajua kwamba "Nyumba yangu haina mlango" ni yai, na anajua pia kwamba akishindwa kutegua anatoa mji ndipo apewe jibu. Akili hiyohiyo ndiyo inayotakiwa humu. Kinachoyaangusha makundi yetu ni ukimya. Mjomba ameingia na wapwa wake watatu. Mmoja ameona namba chini ya meza, lakini mjomba anazungumza, basi anasubiri amalize. Dakika nne zimekwenda. Adabu ya sebuleni ni nzuri na iendelee sebuleni. Ndani ya chumba cha kutoroka kila mtu, hata mdogo kuliko wote, anasema kwa sauti alichokiona mara tu akionapo. Mkubwa wa kundi atoe ruhusa hiyo waziwazi kabla hamjaingia, maana asipoitoa yeye hakuna atakayejichukulia.

Hatua ya kwanza: fanyeni mazoezi Kigoma kabla ya safari

Tiketi ya chumba kimoja Ulaya mara nyingi ni kati ya euro 20 na 40 kwa mtu. Hela hiyo ni nyingi kwa mtu kwenda kujifunzia namna ya kuzungusha kufuli. Jifunzeni nyumbani.

Mnahitaji tranka moja la shule, kufuli moja la namba tatu kama yale ya mabegi ya safari, karatasi, kalamu, na kitochi cha mwanga wa zambarau ambacho wenye maduka hukagulia noti bandia. Mtu mmoja atunge, wengine wacheze, kisha mbadilishane. Anayetunga asijitese kubuni mambo ya mbali wakati ziwani kuna hadithi tayari. Chukueni meli ya Liemba. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikaletwa Kigoma vipandevipande na kuunganishwa hapa. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha ili adui asiipate. Mwaka 1924 Waingereza wakaiibua. Mwaka 1927 ikarudi kazini ikiitwa Liemba.

Sasa ficheni karatasi tatu. Moja ina mwaka 1927, ikae nyuma ya kalenda. Ya 1916 iwe chini ya ungo, na ya 1924 ndani ya kopo la majani ya chai. Kila karatasi iwe na mchoro wake: meli inayozama, meli inayovutwa juu, meli inayotoa moshi. Juu ya tranka bandikeni maneno haya: "Nilizama, nikaibuka, nikarudi kazini. Mwisho wangu ndio ufunguo." Jibu ni tarakimu ya mwisho ya kila mwaka kwa mfuatano wa matukio, yaani 647. Fumbo jepesi, lakini limebeba mambo matatu utakayoyakuta popote duniani: vitu vilivyotawanywa lazima vikutanishwe, mpangilio una maana, na sentensi iliyobandikwa juu ya kufuli haikuwekwa kama pambo.

Ndani ya tranka wekeni fumbo la pili: karatasi yenye herufi NLJRPD na mchoro wa ngazi inayoshuka vidato vitatu. Hilo ni fumbo la Kaisari, la kusogeza herufi: kila moja rudisha nyuma nafasi tatu, utasoma KIGOMA. Mkilizoea, ongezeni alama za Morse za nukta na vistari, nukta sita za maandishi ya wasioona, na namba za Kirumi. Hakuna haja ya kukariri. Katika vyumba vizuri jedwali la kusomea huwa limo humohumo ndani. Kinachotakiwa ni kuitambua sura ya fumbo ukiliona, ili usidhani nukta za ukutani ni kazi ya mende.

Kazi ya usimamizi mpeni bibi au shangazi. Akae kwenye kiti na simu yenye saa ya dakika 30, asiseme neno mpaka aombwe. Mchezo ukiisha mwulizeni swali moja tu: nani aliona kitu akanyamaza? Wazee wana macho ya jambo hilo kuliko kamera yoyote.

Hatua ya pili: kuchagua chumba

Picha za kwenye tovuti hazikwambii mengi, kwa hiyo andika barua pepe uulize. La kwanza ni lugha. Budapest, Athens na Barcelona vyumba vingi vinachezwa kwa Kiingereza. China vingi ni vya Kichina, na bila mwenyeji wa kuwasomea mtakuwa watazamaji. Uliza pia ndani kuna maandishi kiasi gani. Chumba cha upelelezi kina mafaili, barua na magazeti ya kusoma mbio, wakati kaburi la Farao au nyambizi mara nyingi ni vyuma, kamba, mizani na taa. Kwa kundi ambalo Kiingereza chake ni cha kutafuta neno, chagueni vyuma na kamba. Mkienda Paris au Brussels, mwenzenu aliyesomea Bujumbura au Kalemie ni mali. Kifaransa chake kitafanya kazi kuliko Kiingereza cha nyote.

La pili ni ugumu. Kampuni hujipa nyota zenyewe, na nyota tano za hapa ni tatu za kwingine. Uliza: makundi mangapi kati ya kumi hutoka? Mafumbo yanafuatana moja baada ya jingine, au yanafunguka mengi kwa wakati mmoja? Ya kufuatana yanafaa watu wawili au watatu. Yanayofunguka kwa pamoja yanataka wanne au watano wanaoweza kugawana kazi. Sita ni wengi mno kwa chumba kidogo, mtakanyagana tu.

La tatu: mtakuwa peke yenu? Sehemu nyingine, hasa Marekani, wapo wanaouza nafasi mojamoja na kuwachanganya na msiowajua. Mimi nisingekubali. Mkichanganywa mnalazimika kusema Kiingereza ndani, na faida yenu kubwa, Kiswahili cha haraka kinachorushwa kutoka pembe moja hadi nyingine, inapotea.

Kwa wanaotaka vile vya kusifika dunia nzima, kuna orodha ya TERPECA inayopigiwa kura na wachezaji wazoefu kila mwaka tangu 2018. Ugiriki na Hispania zimo sana. Tahadhari tu: vyumba vya Athens vinaweza kuchukua saa mbili au tatu, vina waigizaji, na vingi ni vya kutisha kwelikweli. Si vya kuanzia.

Hatua ya tatu: nafasi, malipo na saa

Mara nyingi malipo hufanyika mtandaoni kwa kadi ya Visa au Mastercard, kwa hiyo kabla hujaondoka Kigoma pita benki uhakikishe kadi yako imefunguliwa kwa manunuzi ya mtandaoni na ya nje ya nchi. Usiache kazi hiyo ya kufanya uwanjani Dar es Salaam. Soma masharti ya kuahirisha. Wengi hawarudishi hela ukighairi siku ileile, na ndege ikichelewa hasara ni yako. Ndiyo maana chumba kisiwekwe siku ya kufika.

Wakiandika 19:30 ni saa moja na nusu usiku, si saa tatu. Fika robo saa kabla. Ukichelewa dakika ishirini wanazikata kwenye muda wako, kwa sababu kundi linalofuata limeshalipa. Wanaoswali waangalie ratiba ya mji husika: kiangazi cha Ulaya, swala ya Magharibi huingia usiku sana, wakati wa baridi huingia alasiri, na kipindi cha mchezo pamoja na maelezo ni kama saa moja na nusu.

Mavazi yawe ya kutambaa. Suruali, au dera lenye suruali ndani, viatu vya kufungwa, mtandio uliobanwa kwa pini. Kanzu ndefu kwenye ngazi ya chuma si salama.

Hatua ya nne: usalama, na hapa msione haya

Tarehe 4 Januari 2019, katika mji wa Koszalin, Poland, wasichana watano wa miaka 15 walikufa ndani ya chumba cha kutoroka walikokwenda kusherehekea siku ya kuzaliwa. Moto ulizuka kutokana na gesi iliyovuja kwenye kifaa cha kupashia joto, nao hawakuwa na njia ya kutoka. Baada ya hapo serikali ya Poland ilikagua vyumba nchi nzima na kuvifunga vingi.

Kwa hiyo kabla ya kukabidhi simu zenu kabatini, ulizeni: mlango tulioingilia umefungwa kweli au unasukumika? Kitufe cha dharura kiko wapi, na umeme ukikatika mlango unafunguka wenyewe? Penye kufuli za sumaku zilizofungwa inavyotakiwa, umeme ukikatika sumaku inaachia. Mwenye chumba mzuri atawaonyesha kitufe kabla hamjauliza, na siku hizi wengi hawaufungi kabisa mlango wa kuingilia. Akicheka au akizungukazunguka, ondokeni. Najua mgeni hupenda kuonekana mpole, lakini hela iliyopotea si neno.

Mwenye pumu aulize kuhusu moshi wa bandia, mwenye kifafa kuhusu taa za kumwekamweka, mjamzito kuhusu kutambaa, na asiyeweza sehemu finyu aseme mapema. Kuna vyumba vinavyoanza kwa kuwatenganisha au kuwafunga pingu, na vina njia mbadala kwa anayeomba.

Hatua ya tano: ndani

Msimamizi wa mchezo atawapa hadithi na masharti. Sikilizeni hadithi, maana mara nyingi imebeba ishara, lakini sikilizeni masharti zaidi. Atasema kitu kisichofunguka kwa nguvu za vidole viwili hakifunguliwi kwa nguvu. Atasema soketi za umeme na vitu vyenye alama fulani si sehemu ya mchezo. Aminini. Fundi wa Kibirizi aliyezoea kufungua injini ya boti kwa bisibisi ataona skurubu nne ukutani na mkono utamwasha. Aziache.

Dakika tano za kwanza msifumbue kitu. Tafuteni. Gawaneni kuta, mmoja upande huu, mwingine ule, na kila mmoja ataje anachokiona: "kufuli la namba nne, la shaba", "vitabu saba, kimoja chekundu", "tundu dogo chini ya dirisha". Pitisheni mikono chini ya meza, ndani ya mifuko ya makoti, nyuma ya picha, chini ya zulia kama linanyanyuka. Kisha badilishaneni kuta, kwa sababu jicho la pili huona alichopita wa kwanza. Makundi mengi hukwama kwa kitu ambacho hakikuokotwa, huku yakidhani fumbo ni gumu.

Vilivyopatikana viwekwe meza moja. Vilivyokwisha tumika viwekwe pembeni kabisa, na ufunguo uliofungua kufuli uachwe humohumo kwenye kufuli. Kwa kawaida ufunguo au namba hutumika mara moja tu, kwa hiyo kuendelea kuujaribu kwenye kila tundu ni kupoteza pumzi. Mmoja awe mwandishi: anaandika namba zote, umbo la kila kufuli, na idadi ya tarakimu zinazotakiwa. Kufuli la tarakimu nne halifunguki kwa namba tatu mlizo nazo, hata mkazipenda vipi.

Mkiwa wawili kwenye fumbo moja kwa dakika tatu bila kusogea, badilishaneni na wengine. Anayekuja asielezwe mlichojaribu mpaka aangalie mwenyewe kwanza, la sivyo mtamwingiza kwenye shimo lilelile.

Kuna mitego ambayo wazungumzaji wa Kiswahili tunaiingia na wenzetu hawaijui. Saa ya ukutani ina mshale kwenye 8, wewe unapaza sauti "saa mbili!" na mwenzako anaingiza 2. Kubalianeni mapema kwamba ndani ya chumba mnasoma tarakimu kama ilivyochorwa, basi. Halafu alfabeti. Mafumbo yanayogeuza herufi kuwa namba yanahesabu herufi 26 za Kiingereza. Ukihesabu kwa ile tuliyofundishwa shuleni, isiyo na Q wala X, kila herufi baada ya P inakwenda kombo: U ya Ujiji ni ya 21 kwao, wewe utapata 20. Andikeni mstari mzima wa A hadi Z kwenye karatasi kabla ya kuanza kuhesabu.

Tarehe nazo. Kwa hesabu ya Stanley mwenyewe, alikutana na Livingstone pale Ujiji tarehe 10 Novemba 1871. Sisi tutaandika 10/11/1871. Chumba cha Marekani kitaandika 11/10/1871. Kama kufuli la tarakimu nne limekataa 1011, jaribuni 1110 kabla ya kuanza kulaumiana. Na Ulaya bara mkato ndio unaotenga desimali, kwa hiyo 2,5 kwenye mizani ni mbili na nusu.

Kuomba mji

Kidokezo kipo ili kitumike. Weka sheria hii: dakika tano bila kitu kipya, mnaomba. Wapo wanaume wa kwetu watakaokaa dakika kumi na tano wakisema "subiri, nimekaribia", na mtunza saa asiwasikilize. Uliza tu mapema kama vidokezo vina kikomo. Sehemu nyingi havina, nyingine ni vitatu.

Kuna jambo moja la kwetu pekee hapa. Msimamizi huwaangalia kwa kamera na kuwasikiliza kwa maikrofoni, na hupima wakati wa kusaidia kwa kusikia mnachobishania. Nyinyi mnazungumza Kiswahili, pengine Kiha kinapopamba moto, na yeye haambulii kitu. Anaona watu wanapaza sauti wakicheka, anadhani mko sawa. Kwa hiyo kabla ya kuingia mwambieni wazi kwamba hamtasema Kiingereza ndani, na mkubaliane ishara: mkono mmoja juu kuelekea kamera ni kuomba kidokezo, miwili ni dharura. Mwombeni pia vidokezo viandikwe kwenye skrini badala ya kusemwa kwenye spika, kwa sababu lafudhi ya Kihungari ndani ya spika mbovu ni fumbo jingine ambalo hamkulilipia.

Penye waigizaji

Vyumba vya kutisha vinaye mtu halisi anayetokea gizani. Mimi sioni utamu wake, lakini vijana wanavipenda. Ulizeni kama mwigizaji anagusa wachezaji. Mkisema hamtaki kuguswa, sema kwa jina nani na nani, na wanaheshimu. Ulizeni neno la kusimamisha mchezo, mlirudie wote kwa pamoja. Msikimbie hovyo, wala msimpige. Mtu aliyeshtuliwa ghafla ngumi hutoka yenyewe, na mwigizaji yule yuko kazini. Kwa hofu mtu husahau kutafuta, kwa hiyo mteueni mmoja asiyetishika abaki na tochi na karatasi ya namba, wengine wapige kelele wanavyotaka.

Mkishatoka, au muda ukiisha

Muda ukiisha msikimbilie mlangoni. Mwombeni msimamizi awapitishe kwenye mafumbo yaliyobaki. Wengi hufanya hivyo bila malipo kama hakuna kundi linalosubiri, na dakika hizo tano ndizo zinazofundisha zaidi kuliko saa nzima iliyopita. Mwulizeni pia mlikwama wapi kwa muda mrefu kuliko makundi mengine. Kama jibu ni lilelile alilolitaja bibi kule nyumbani, mmeshajua cha kurekebisha kabla ya mji unaofuata.

Picha mtapigwa ukumbini, mkiwa mmeshika kibao chenye muda wenu. Ndani hamruhusiwi kupiga, na mafumbo yenyewe msiyaandike kwenye kundi la WhatsApp la familia. Mwenye chumba anakula kwa siri hiyo, na yupo binamu atakayepita mji huohuo mwakani akitaka kuucheza akiwa hajui lolote.